Noble Johnson, Mchezaji wa Sura Nyingi

Wale waliolisikia somo hili redioni sasa wanalo mkononi. Lisome pole pole, na neno lililokupita sikioni ulishike kwa jicho.

Leo tutazungumza juu ya mtu wa Marekani aliyeitwa Noble Johnson. Kazi yake ilikuwa kucheza senema. Hakuwa mchezaji ambaye jina lake huandikwa kwa herufi kubwa mlangoni. Alikuwa mchezaji wa pembeni: mtumishi wa nyumba ya ajabu, mlinzi wa mlango, mkuu wa kabila. Lakini kama umepata kuiona senema ya zamani ya sokwe mkubwa, King Kong, basi umekwisha kumwona.

Labda utauliza, "Senema ni mchezo tu, ina nini na historia?" Soma mpaka mwisho, kisha ujibu mwenyewe.

1. Kijana wa farasi

Noble Johnson alizaliwa mwaka 1881 katika jimbo la Missouri. Wazazi wake walikuwa watu weusi. Utumwa ulikuwa umekwisha Marekani miaka 16 tu kabla ya kuzaliwa kwake. Angali mdogo, wazazi wake walihamia Colorado Springs. Baba yake alikuwa fundi wa kufundisha farasi, na mtoto akajifunza kazi hiyo.

Shuleni alikuwa na rafiki mweupe, jina lake Lon Chaney. Rafiki huyo baadaye akawa bingwa wa kujibadilisha uso katika senema za kutisha. Kwa hiyo mji mmoja mdogo ulitoa wachezaji wawili wa sura nyingi. Lakini utaona kwamba njia zao hazikuwa sawa.

Noble alikua akawa mrefu, mwenye kifua kipana. Kampuni moja ya senema ilipofika Colorado, mchezaji wao mmoja aliumia. Wakamtafuta mtu hodari wa farasi, akapatikana Noble. Sehemu aliyopewa ilikuwa ya Mhindi Mwekundu. Tangu siku hiyo hakurudi nyuma.

2. Kampuni yao wenyewe

Mwaka 1915 ilitoka senema kubwa iliyoitwa The Birth of a Nation. Ilikisifu chama cha Ku Klux Klan, kilichowatesa na kuwaua watu weusi. Ndani yake sehemu kubwa za watu weusi zilichezwa na wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni. Watu weusi waliipinga katika miji mingi.

Noble na wenzake waliona kupinga peke yake hakutoshi. Mwaka 1916, huko Los Angeles, walianzisha kampuni yao ya senema. Waliiita Lincoln, kwa jina la rais aliyetangaza uhuru wa watumwa. Noble alikuwa rais wa kampuni. Ndugu yake, George, alikuwa mfanyakazi wa posta katika mji wa Omaha. Baada ya saa za kazi aliandika barua kwa wenye majumba ya senema, akawatafutia filamu zao mahali pa kuonyeshwa.

Katika senema yao ya kwanza Noble alicheza kijana mweusi aliyesoma uhandisi. Kijana anakwenda California kutafuta kazi ya kuchimba mafuta. Ananyimwa kwa sababu ya rangi yake. Kisha anamwokoa binti wa tajiri katika gari la farasi waliotoroka, ndipo anapopewa kazi. Baadaye anagundua kwamba shamba la baba yake nalo lina mafuta. Kwetu hadithi hii ni ya kawaida. Kwa watu weusi wa siku zile ilikuwa jambo jipya kumwona mtu kama wao amevaa vizuri, ana elimu, na anashinda mwishoni.

Lakini Noble alikuwa pia akicheza katika kampuni kubwa ya wazungu, Universal, na huko ndiko alikopata mshahara. Katika mitaa ya watu weusi, watu walipoona picha ya Noble nje ya jumba linaloonyesha filamu ya Lincoln, walijaa humo, wakaliacha jumba linaloonyesha filamu ya Universal. Universal haikupendezwa. Ilimtaka achague. Mwaka 1918 Noble alijiuzulu katika kampuni aliyoianzisha. Filamu ya mwisho ya Lincoln ilitoka mwaka 1921, kisha kampuni ikafa.

Usiharakishe kumlaumu. Fikiri kwanza: mkono mmoja umeshika mshahara, mwingine umeshika ndoto.

3. Senema za kutisha

Mwaka 1931 Universal ilitoa Dracula na Frankenstein. Ulikuwa wakati wa dhiki kubwa, watu wengi hawakuwa na kazi, lakini senema hizo za kutisha zilijaza majumba. Kila kampuni ikataka kutengeneza za kwake. Senema za namna hiyo zilihitaji mtu mwenye umbo kubwa na uso wa kuogofya. Noble akaitwa.

Mwaka 1932 alicheza katika Murders in the Rue Morgue kama mtumishi wa daktari mwovu. Mwaka huo huo, katika The Mummy, alikuwa mtumishi Mnubi aliyetekwa akili na mfu aliyefufuka. Katika The Most Dangerous Game alikuwa Ivan, Mrusi mwenye ndevu asiyesema neno. Hapo walimpaka rangi ya kumfanya mzungu! Senema za siku hizo hazikuwa na rangi, ila nyeusi na nyeupe, na ngozi ya Noble ilikuwa ya maji ya kunde. Kwa hiyo aliweza kuwa Mhindi, Mwarabu, Mrusi au Mwafrika.

Mwaka 1933 akawa mkuu wa kisiwa katika King Kong. Kisiwa hicho cha kubuni kiko magharibi ya Sumatra, yaani katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii inayopiga pwani yetu. Lakini watu wake walichezwa na Wamarekani weusi, na lugha yao ilitungwa tu. Watengenezaji hawakujali watu wa bahari hiyo wanafananaje. Walitaka "washenzi", basi. Mwaka 1940, katika The Ghost Breakers, Noble alikuwa mfu anayetembea.

Tazama tofauti. Rafiki yake Chaney alijibadilisha sura, na jina lake likawa kubwa. Noble naye alijibadilisha sura katika filamu zaidi ya 100, lakini akabaki pembeni.

4. Kilichobaki

Noble aliacha senema mwaka 1950. Alifariki California mwezi wa Januari 1978, akiwa na umri wa miaka 96.

King Kong ingali inaonyeshwa ulimwenguni. Lakini filamu za Lincoln zimepotea, isipokuwa kipande kifupi cha ile ya mwisho. Sehemu alizoagizwa acheze zimebaki. Ile aliyojichagulia mwenyewe haionekani tena.

Basi twajuaje habari za Lincoln? Kwa sababu yule ndugu wa posta, George, alihifadhi barua, matangazo na vipande vya magazeti kwa miaka mingi. Leo karatasi hizo zimo katika maktaba ya chuo kikuu huko Los Angeles. Filamu zilipotea, maandishi yakasema.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Noble aliiacha kampuni ya Lincoln? Wewe ungefanya nini?
2. Taja sehemu tatu alizocheza Noble katika senema za kutisha.
3. Kijijini kwako kuna habari gani ambayo haijaandikwa? Andika mistari mitano juu yake, uweke na tarehe.