Popo, samaki na kulungu: Nakshi za vyombo vya jade vya China zasema nini?

JADE ni jina la jumla la mawe mawili tofauti, nefriti na jadeiti. Vyombo vingi vya kale vya China, vikiwemo vikombe, mabakuli, vyetezo na vijibakuli vya kusafishia brashi za kuandikia, vilitengenezwa kwa nefriti, hasa ile iliyookotwa katika mito ya Hotan, magharibi mwa nchi hiyo. Jadeiti ya kijani kibichi kutoka Burma ilianza kuingia kwa wingi katika karne ya 18 pekee. Wengi hudhani jade ni lazima iwe ya kijani, ilhali Wachina waliienzi zaidi nefriti nyeupe, ambayo huifananisha na mafuta ya kondoo.

Kusema kwamba jiwe hilo "huchongwa" ni kurahisisha mambo, kwa kuwa kisu cha chuma hakiwezi kulikata. Fundi alilisaga polepole kwa mchanga mgumu uliotiwa maji, akitumia kijigurudumu kilichozungushwa kwa kanyagio. Kazi ngumu kiasi hicho haikuacha nafasi ya urembo wa ovyo. Kila nakshi ilikusudiwa kusomwa.

Ufunguo wa kuisoma, mara nyingi, ni sauti. Popo, ambaye kwetu huhusishwa na giza na uchawi, huitwa "fu" kwa Kichina, na neno linalomaanisha baraka hutamkwa vivyo hivyo. Popo watano ukingoni mwa bakuli ni baraka tano: umri mrefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kifo chema baada ya kuishi miaka mingi. Samaki, "yu", ni ziada isiyokwisha nyumbani. Kulungu, "lu", ni cheo na mshahara wa serikali. Hata chupa ya maua yenyewe, "ping", humtakia mwenyewe amani. Ni kana kwamba fundi wa milango wa Lamu amchonge paa wa mwituni juu ya mlango, kusudi amtakie mwenye nyumba paa imara lisilovuja. Asiyejua Kiswahili angemwona mnyama tu.

Kwa pichi, msonobari na uyoga wa lingzhi, hali ni tofauti. Hivyo vyote huashiria maisha marefu kutokana na ngano na itikadi za kale.

Nakshi inayowatatiza wataalamu hadi leo ni ile iitwayo taotie, uso wa mnyama mwenye macho ya kutisha, asiye na taya la chini. Ilitoka kwenye vyombo vya shaba nyeusi vya enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na maana yake ya awali ingali inabishaniwa. Mafundi wa enzi ya Qing (1644-1912) waliiiga kwa heshima ya mambo ya kale. Kwa hivyo, mnunuzi anayekadiria umri wa chombo kwa kutazama nakshi pekee hujiponza.

Vyombo vingi vya kifalme vilitawanyika baada ya majeshi ya Uingereza na Ufaransa kupora na kuteketeza Kasri la Kiangazi jijini Beijing mnamo 1860. Vilifika Ulaya bila lugha yao, na kwa wengi vikawa mapambo ya kabatini.

Hata nchini China kwenyewe maana iliwahi kupotea. Mtungi mkubwa wa mvinyo wa Kublai Khan, uliokamilika mwaka 1265 na wenye uzani wa takriban tani 3.5, umezungushiwa mazimwi na wanyama wa baharini wanaochupa mawimbini. Karne nyingi baadaye uliishia katika hekalu la Kitao, ambako ulitumiwa kutilia mboga za achari. Mfalme Qianlong aliununua mnamo 1745, akaamuru mashairi yake yachorwe ndani yake, na ungali katika bustani ya Beihai, Beijing.