Ngitili: Malisho ya Akiba katika Nchi ya Wasukuma

Msafiri apitaye Shinyanga katika mwezi wa Oktoba, wakati jua limekwisha kukausha malambo na ng'ombe wamekwisha kulamba ardhi mpaka ikabaki tupu kama uwanja uliofagiwa, hustaajabu akioneshwa, nyuma ya kaya ya mtu, kiwanja cha nyasi ndefu zilizokauka zikiwa bado zimesimama, ambazo hazijaguswa na kwato tangu mvua zilipoanza mwaka uliopita, ilhali hapana ukuta, wala boma la miiba, wala seng'enge ya kuzilinda. Kiwanja hicho huitwa ngitili. Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi walikuwa nacho kabla ya serikali yoyote kuwafundisha hifadhi ya ardhi, na habari ya jinsi kilivyopotea kisha kikarudi yafaa ijulikane na kila mtu anayejishughulisha na chakula cha mkulima mdogo.

Desturi yenyewe ni nyepesi kuieleza, ingawa ni nzito kuishika. Mvua zinapoanza, mwenye kaya hutenga sehemu ya ardhi yake, na kijiji nacho hutenga sehemu ya wote. Mipaka hujulikana kwa njia, kichuguu, au mti uliozoeleka, na tangu siku ile mifugo haingii. Malisho mengine yakiisha, aghalabu katika Julai au Agosti, ngitili hufunguliwa, tena kipande baada ya kipande, na wanaotangulia kuingia si kundi zima, bali ni ndama, ng'ombe wa maziwa, walio dhaifu, na maksai wa plau.

Hao maksai ndio kiungo baina ya nyasi na chungu cha ugali. Usukuma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kiasi cha milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nao aghalabu hukatika kwa majuma kadhaa katika Januari au Februari kabla ya kurudi tena. Mkulima ambaye maksai wake wamemaliza kiangazi kwa kula majani makavu ya ngitili huwafunga nira siku ya pili baada ya mvua ya kwanza. Jirani yake, ambaye maksai wake mbavu zahesabika na miguu yatetemeka, hungoja nyasi mpya ziote, nao washibe, ndipo alime, na kwa kungoja huko mtama wake hukutwa na ukame ungali mchanga. Wawili hao wamepata mvua ile ile, lakini mmoja atavuna na mwingine atakwenda kuomba.

Hekima hiyo ya kujinyima leo haikuishia malishoni. Mwanamke wa Kisukuma, viazi vitamu vinapokuwa tele na bei yake haifai kitu, huketi na kisu chake akavikata vipande vyembamba, akavianika juu ya majabali mpaka vikawa vyeupe na kuvunjika kama kuni kavu. Hivyo ni michembe. Au huvichemsha kwanza, akavimenya na kuvikata, ndipo akavianika. Hivyo ni matobolwa, vitamu zaidi, na mtoto akipata kipande huweza kukitafuna njia nzima ya kwenda kuchunga. Vyote viwili huwekwa ghalani kungoja miezi ya njaa, na mimi sijui chakula cha akiba kilichogharimu kidogo kuliko hicho.

Basi ngitili ilipoteaje? Msiba wa kwanza ulitoka mbali. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki, na pale ambapo mifugo haikuwapo tena kula nyasi wala watu kulima, vichaka vilirudi, na pamoja na vichaka wakarudi mbung'o. Serikali ya Kiingereza, ilipoitwaa Tanganyika, iliweka utafiti wa mbung'o hapo Shinyanga chini ya mtafiti Swynnerton, na tangu miaka ya 1920 watu waliitwa kwa maelfu, na watemi wao mbele, wakashika mashoka na kukata pori ili mdudu akose kivuli. Haki itendeke: wengi walikwenda kwa hiari, mbung'o walirudi nyuma, na ng'ombe wakapata nchi. Ila mdudu alipokwisha kuondoka, shoka halikuwekwa chini. Pamba ilitaka mashamba, mashamba yakataka ardhi zaidi, fedha ya pamba ikanunua ng'ombe, na ng'ombe wakala kile ambacho shoka lilikisaza.

Hata hivyo ngitili zilidumu, hapa na pale, mpaka katika miaka ya 1970 ilipokuja Operesheni Vijiji. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji kwa watu waliokaa kwa kutawanyika. Lakini ngitili ya kaya hulindwa na jicho la mwenyewe asimamapo mlangoni kwake, na mwenye kaya alipohamishwa kwenda kijijini, malisho yake aliyoyaacha nyuma yaligeuka mali ya kila apitaye, na mali ya namna hiyo katika nchi ya wafugaji haimalizi msimu mmoja. Nchi ikawa nyeupe, mifereji ya mmomonyoko ikachimba mashamba, wanawake wakawa hupoteza nusu ya mchana wakitafuta kuni, na watu wakapaita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wananchi waliuita HASHI, nao kwanza ulifanya kama ifanyavyo miradi mingi: ukafungua vitalu na kugawa miche, mingi yake ya miti ya kigeni. Matunda ya kazi hiyo hayakulingana na jasho lake. Sifa ya HASHI, na ni sifa kubwa, ni kwamba ilikubali kugeuka na kuwauliza wazee walikuwa wakifanya nini zamani, na wazee wakajibu neno moja: ngitili. Palipotengwa ardhi na mifugo ikazuiwa, miti haikuhitaji kupandwa, kwa maana visiki na mizizi ya pori lile lililokatwa vilikuwa hai ardhini miaka yote hiyo, vikachipua. Sheria ziliwekwa na dagashida, yaani baraza la wananchi wenyewe, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakasimamia faini, na mtu aliyeingiza ng'ombe wake kwa siri alijua atasimamishwa mbele ya watu wanaomjua baba yake.

Katika mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, kabla Simiyu haijakatwa humo mwaka 2012, ngitili zilizohesabika mwaka 1986 zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zilisogea karibu na nyumba, nyasi za kuezekea zikapatikana, asali, dawa na mboga za porini zikarudi. Mwaka 2002 mradi ulipewa tuzo ya kimataifa ya Equator; mwaka 2004 ukafika mwisho wake.

Siisifu ngitili kana kwamba haina ila. Mwenye ardhi kubwa ana ngitili kubwa, naye huweza kuuza malisho kwa jirani katika mwezi wa shida. Asiye na kitu hutegemea ile ya kijiji, ambayo ndiyo ya kwanza kumegwa watoto wanapotaka mashamba. Na mvua, ambayo haikuwa mwaminifu hata zamani, siku hizi wakulima hulalamika kwamba yazidi kukosa miadi, na ikichelewa majuma matatu, ngitili iliyopimwa kwa kiangazi cha kawaida huisha kabla plau haijagusa udongo. Dawa yake ni kutenga zaidi, na kutenga zaidi ni shauri gumu kwa mtu mwenye ekari tatu na watoto saba.

Kwa hiyo atakayekwenda Usukuma akiwa na mpango mpya wa kilimo, namsihi asiende Aprili nchi ikiwa kijani, aende Oktoba. Na kabla hajafungua daftari lake, amwombe mwenyeji amwoneshe ngitili, kisha amwulize ni nani aliyeifunga, na lini.