Kiwavi wa Mlimau na Njia ya Misafara

Watu wanapoieleza historia ya Tabora, aghalabu huanza na majina makubwa. Hutaja Burton na Speke waliowasili Kazeh mwezi Novemba 1857. Hutaja Mtemi Mirambo na vita vyake na Waarabu vilivyoanza 1871. Hutaja Livingstone aliyekaa Kwihara akingoja wapagazi hadi Agosti 1872, na Mtemi Isike aliyewasha baruti ndani ya boma lake Januari 1893 ili asiangukie mikononi mwa Wajerumani. Yote hayo ni kweli, nami nimeyafundisha kwa miaka mingi. Lakini katika kurasa hizi nataka kumleta mbele ya msomaji shahidi mwingine wa njia ile ya misafara, shahidi ambaye hakuna kitabu cha historia kilichomtaja. Naye ni kiwavi alaye majani ya mlimau.

Nilianza kufuga vipepeo katika miaka ya sabini, nikiwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu, kabla sijapewa ukuu wa chuo. Ilikuwa enzi ya Elimu ya Kujitegemea. Shamba tulikuwa nalo, majembe tulikuwa nayo, bali vifaa vya maabara vilikuwa haba. Somo la mabadiliko ya mdudu lilifundishwa kwa mchoro wa ubaoni: yai, kiwavi, pupa, kipepeo, na mishale minne katikati. Wanachuo waliunakili mchoro, wakaukariri, wakafaulu mtihani. Wengi wao hawakuwahi kuyaona mabadiliko hayo kwa macho yao, na hali walikuwa wakijiandaa kwenda kuyafundisha kwa watoto. Nyuma ya nyumba yangu palikuwa na mlimau mzee. Nikaona kwamba maabara tunayo.

Kazi yenyewe haihitaji fedha. Baada ya mvua za kwanza, mlimau unapochipua, hupita kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Wataalamu humwita Papilio demodocus. Hugusa jani changa kwa ncha ya tumbo lake, akaacha yai moja la mviringo, dogo kuliko punje ya ulezi, kisha akaenda zake. Sisi tulikata kijiti chenye yai, tukakitia katika chupa ya maji, tukaziba mdomo wa chupa kwa pamba ili kiwavi asije akatumbukia, tukafunika yote kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Baada ya siku chache yai huanguliwa. Kiwavi mchanga ana rangi ya kahawia na bato jeupe, nawe ungeapa kwamba ni kinyesi cha ndege. Hiyo ndiyo ngao yake, kwani ndege gani atakula kinyesi? Hujivua ngozi mara kwa mara, na mwisho huwa wa kijani kama jani lenyewe. Ukimchokoza, hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali ya kukirihisha. Wanachuo walizoea kucheka hapo, na mimi sikuwakataza.

Anaposhiba maisha ya ukiwavi hutafuta kijiti kikavu, hujifunga kiunoni kwa uzi wa hariri anaoutoa mwenyewe, akageuka pupa, mara ya kijani, mara ya kahawia, kwa kufuata mahali alipo. Huko ndani hukaa wiki mbili au tatu, na wakati wa kiangazi huweza kukaa zaidi. Lakini si kila pupa hutoa kipepeo. Ukiokota kiwavi aliyekwisha kuwa mkubwa, mara nyingine atakayetoka ni nyigu mwembamba, ambaye mama yake alitaga ndani ya kiwavi huyo zamani. Ndiyo sababu mfugaji hodari huanzia kwenye yai. Na kipepeo akitoka mabawa yake yamekunjamana, usimsaidie. Mwache aning'inie hadi yanyooke na kukauka, kisha mfungulie mlango.

Mwaka mmoja mwanachuo alisahau kuleta majani ya mlimau, akawapa viwavi majani ya mwembe, kwa kuwa miembe ilikuwa jirani. Hawakuyagusa. Tulipolijadili jambo hilo darasani niliwaeleza kwamba kiwavi huyu hula hasa mimea ya jamii moja, jamii ya milimau, mindimu na michungwa. Hapo mwanachuo mwingine akasimama akauliza: "Mwalimu, milimau si ya kwetu. Kabla haijaletwa, huyu alikuwa anakula nini?"

Swali hilo lilitutoa katika somo la viumbe na kututia katika historia. Kipepeo yule ni Mwafrika halisi. Mwituni alikula, na hata leo anakula, ndugu za mlimau waliozaliwa huku kwetu, kama vile mjafari wenye miiba, ambao Wanyamwezi huuita mlungulungu na kuutumia kwa dawa. Mlimau, mndimu na mchungwa asili yake ni Asia. Ilifika pwani kwa majahazi, na bara ilipenya pamoja na biashara ya pembe na watumwa. Waarabu waliojenga Kazeh walipanda kuzunguka matembe yao matunda waliyoyazoea pwani, na wasafiri wa Ulaya waliopita huko waliyasifia mabustani hayo. Kipepeo wa mlungulungu akaionja miti ile mipya, akamtambua ndugu, akahamia mjini. Basi kila kiwavi anayetafuna jani la mlimau Tabora anakula matokeo ya msafara.

Lakini swali huzaa swali. Mbegu na miche ile ilifikaje? Burton na Speke walitumia karibu miezi mitano kutoka pwani hadi Kazeh. Punda walikuwapo, lakini wengi walikufa njiani, hivyo sehemu kubwa ya mizigo ilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takriban kilo 30, mbali na chakula chake na mkeka wake. Kwenda bara alibeba marobota ya merikani na kaniki, shanga, seng'enge za shaba, na nguo za thamani zilizotiwa hariri kutoka Maskati na India. Kurudi pwani alibeba pembe. Na pamoja naye walikwenda wale ambao hawakuajiriwa wala kulipwa, waliofungwa minyororo na kongwa. Mabustani ya Kazeh yalilimwa na kumwagiwa maji na watumwa. Jina la Mwarabu aliyewapokea Burton na Speke tunalijua: ni Snay bin Amir. Majina ya waliochota maji ya mimea hiyo hatuyajui.

Ulimwengu unao mfano mmoja ambao nimeupenda sana tangu nilipousoma. Maria Sibylla Merian, mwanamke aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1647, alianza kufuga viwavi vya hariri akiwa msichana. Mwaka 1699 alivuka bahari na binti yake hadi Suriname, koloni la Waholanzi la mashamba ya miwa, akafuga viwavi vya huko, na mwaka 1705 akachapisha kitabu cha michoro yake. Katika ukurasa mmoja, pamoja na kiwavi na ua analolila, aliandika kwamba wanawake watumwa walitumia mbegu za mmea huo kuharibu mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani, na kwamba wao wenyewe walimwambia hivyo. Kitabu cha wadudu kikawa hati ya kilio cha binadamu. Nadhani ni kwa sababu mfugaji wa viwavi hana budi kuinama, na aliyeinama huwaona walio chini.

Niliwasomea wanachuo maelezo hayo. Darasa likanyamaza. Tabora ni mji wa watu waliotoka pande nyingi, wakiwamo Wamanyema ambao wengi wa wazee wao waliletwa na misafara kutoka Kongo. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini aibu yake haikufutwa kwa sheria. Asili ya mtu, ikigusa utumwa, haiulizwi barazani. Siku ile binti mmoja aliyekaa nyuma alisema kwa sauti ndogo kwamba mama wa bibi yake aliletwa mjini akiwa mtoto, akawekwa kumwagilia bustani. Hakuna aliyecheka. Mwenzake akasema babu yake alikuwa mpagazi na bega lake lilikuwa na sugu mpaka anakufa. Somo la historia nililolipanga kwa tarehe na majina likafundishwa na wanachuo wenyewe, na tulilifikia kwa kufuata jani.

Siku hizi ufugaji wa vipepeo umekuwa pia njia ya riziki. Huko Gede, Kenya, mradi wa Kipepeo ulianza 1993, ukiwawezesha wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kuuza pupa. Kwetu, wanavijiji wa Amani katika Usambara Mashariki walianza mradi wao 2003. Pupa husafirishwa kwa ndege hadi mabanda ya maonyesho ya Ulaya na Marekani, na sharti zifike kabla kipepeo hajatoka. Mwaka 2016 Serikali yetu ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, wafugaji hao nao waliguswa. Hata hivyo jambo moja walikwisha kulithibitisha: kipepeo humpa mwanadamu sababu ya kuuacha msitu usimame.

Mjini kwetu watu hupulizia milimau dawa mara waonapo jani lililoliwa. Simlaumu anayelinda mche wake mchanga, maana viwavi wachache huweza kuumaliza. Ila mti mzima hustahimili. Mzazi au mwalimu anayesoma haya, akiwa na mlimau uani, na awaachie watoto tawi moja. Wahesabu siku, wabadilishe majani, wasubiri. Na siku kipepeo atakaporuka, awaulize swali lile la mwanachuo wangu: kabla ya mlimau, huyu alikula nini, na mlimau huu nani aliubeba?