Mwindaji Mgeni na Popo wa Pemba: Idhini Ni ya Nani?

Mjadala wa uwindaji wa kitalii Tanzania huishia Bara, kwenye vitalu, mgawo wa wanyama, ada na mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni porini. Pemba haimo. Mkondo unaoitenga na Bara una kina cha mamia ya mita, na simba, tembo na hata chui aliyeishi Unguja hawakuwahi kuuvuka. Hata hivyo, naona kuwa swali kubwa la uwindaji huo, yaani nani ana haki ya kumruhusu mgeni aue, lilijibiwa Pemba kwa uwazi kuliko popote Bara. Mnyama mwenyewe ni popo.

Popo wa Pemba, aliyepewa jina la kisayansi Pteropus voeltzkowi na Paul Matschie mwaka 1909, hapatikani kwingine duniani. Akitandaza mbawa hufikia takriban mita moja na nusu. Mchana kundi zima hulala likining'inia kwenye miti ileile, mwaka hata mwaka, na jike huzaa mtoto mmoja tu. Tabia hizi mbili ndizo zilizomponza. Wenyeji waliomla walimnasa kwa ulimbo usiku kwenye miti ya matunda, na ulimbo hushika mmoja mmoja. Bunduki ya marisau ilibadili hesabu: wawindaji kutoka nje ya kijiji, wengine nje ya kisiwa, walifika mchana na kufyatua katikati ya kundi lililolala. Waliokufa walibebwa, waliojeruhiwa walibaki kufia vichakani. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 watafiti walikadiria popo wapatao 5,000 tu.

Hapa hoja ya watetezi wa uwindaji wa kulipia inastahili kusikilizwa. Husema kuwa mnyama asiye na bei hana mlinzi, na kweli mwindaji wa popo hakumwachia mwenye shamba hata senti. Lakini kilichomwokoa popo hakikuwa kibali chenye bei kubwa zaidi. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 ilisaidia, ila sheria haikai chini ya mti alfajiri. Waliokaa ni wanakijiji. Kwa msaada wa shirika la Fauna & Flora International, vilianzishwa vilabu vya hifadhi, na wanakijiji wa Kidike, kando ya njia kati ya Chake Chake na Wete, wakaanza kumtoza mgeni kiingilio cha kuja kutazama. Ndani ya miaka kumi na ushei idadi ya popo kisiwani ilifikia takriban 20,000.

Mapato ya Kidike ni madogo na hutegemea watalii, nami sidai kuwa yanaweza kulisha kijiji. Uzito wa kisa hiki uko kwingine. Mgeni hajui kundi limelala wapi, lazima aonyeshwe. Anayejua mti ndiye mwenye idhini halisi, na pale alipokataa, bunduki ilikosa pa kuelekea. Bara, mgawo wa wanyama hupangwa ofisini, na mwanakijiji huitwa baadaye kubeba nyama au kupokea gawio.

Wanaotunga kanuni za uwindaji, Bara na Zanzibar, waanze kwa kumuuliza anayeishi na mnyama kabla hawajampa mgeni kibali.