Chokoleti, mfungo na mgeni

Filamu «Chocolat» ya mwaka 2000 inatupeleka katika kijiji cha Ufaransa, mwaka 1959. Mama mgeni, Vianne, anafika na binti yake na kufungua duka la chokoleti wakati wa Kwaresima. Meya, bwana Reynaud, anawakataza watu kuingia humo.

Ubishi huu una historia ndefu. Kakao ilitoka Amerika, ambako Wamaya na Waazteki waliinywa. Wahispania walipoipeleka Ulaya, Wakatoliki waliulizana: kunywa chokoleti kunavunja mfungo? Mwaka 1636 Antonio de León Pinelo aliandika kitabu kizima juu ya swali hilo. Mwaka 1664 kardinali Brancaccio alijibu kwamba kinywaji hicho hakivunji mfungo.

Lakini katika filamu hiyo anayekataliwa hasa ni mgeni. Watu wanaoishi ndani ya mashua wanapotia nanga mtoni, maduka yanakataa kuwauzia. Usiku mmoja mtu anachoma mashua zao. Meya hakumtuma, lakini aliyewasha moto alidhani ndilo alilotaka.

Huku kwetu, Beni na Mambasa, kakao inalimwa. Wengi walioilima wamekimbia vita, wakaacha mashamba, na leo wanalala kwa familia zilizowapokea.

Siku ya Pasaka, padri kijana wa kijiji kile anahubiri kwamba wema wetu unaonekana kwa wale tunaowakaribisha. Kiongozi yeyote anayewasema vibaya wakimbizi afikirie nani anamsikiliza.