Jina la Zanzibari na Wanaolichukua



Mwaka huu, tulipokuwa tukipanga orodha ya familia za kitabu chetu, palizuka ubishi. Familia moja ya Durban, ambayo kijana wao ameoa kwetu hapa Johannesburg, iliomba iandikwe pamoja nasi, kwa kuwa nao huitwa Wazanzibari. Mzee wetu mmoja akasema, "Hao si wetu, hao ni Wamakua." Basi nikatakiwa nieleze asili ya jina hili.

Kwetu mtu hutaja jina lake, la babake na la babu yake. Tulipofika huku tuliulizwa jina la ukoo, na baadhi yetu, kwa kukosa la kuandika, wakaandika Zanzibari. Limeshika mpaka kwa wajukuu. Leo watu wasiochangia babu hata mmoja wana jina moja.

Jina lenyewe lilitoka kwa wageni: "zangi" kwa Kiajemi ni mtu mweusi, na "bar" ni pwani. Wenyeji kisiwa hukiita Unguja. Tena uko mji wa Zinjibar huko Yemen, upande wa mashariki ya Aden. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi kujua mtu katoka wapi.

Ama hao wa Durban, historia yao yajulikana. Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Agosti mwaka ule ule manowari ya Kiingereza, Briton, iliteremsha Durban kundi la kwanza la watu waliokombolewa, maana Natal ilikuwa na haja ya vibarua. Kufikia 1880 walikuwa zaidi ya 500. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa kuwa waliletwa kupitia Unguja, wakaitwa Wazanzibari. Walikaa Kings Rest, wakadumu na Uislamu wao na lugha yao. Serikali ya ubaguzi ilipowahamisha, jina hilo likawafaa: mwaka 1961 waliandikwa katika fungu la "Waasia wengineo", wakapelekwa Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Waafrika hawa wakawa Waasia kwa jina la kisiwa ambacho wengi wa wazee wao walikipita njiani tu.

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Wamakua wengi walifikishwa Unguja kwa utumwa ule ule, wakaoa na kuolewa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakua, na nyumbani jambo hili lilisemwa kwa sauti ya chini. Nikiwakataa wa Durban kwa sababu hiyo, nitakuwa nimemkataa bibi yangu.

Naomba familia ile iandikwe. Na mwakani kila familia ilete, pamoja na jina la ukoo, majina ya bibi zake na walikotoka, bila ya kuficha.