Mpira ndani ya mshipa: namna wanganga walivyojifunza kuongoza vyombo mwilini

Leo munganga anaweza kutibu moyo au mguu kwa kupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa wa damu, bila kupasua kifua. Hatari yake ni kubwa: ncha ikikosa njia inaweza kutoboa mshipa, na damu ikavujia ndani. Ndiyo sababu tangu mwanzo swali lilikuwa moja: ncha iko wapi?

Mwaka wa 1929, mjini Eberswalde nchini Ujerumani, munganga kijana Werner Forssmann aliomba ruhusa ya kuufikia moyo kupitia mshipa wa mkono. Mkubwa wake alikataa. Forssmann akajijaribu mwenyewe kwa siri, akitumia mpira wa mkojo. Aliusukuma, akatembea nao mwilini hadi chumba cha radiografi, na huko muuguzi akamshikia kioo ili aone picha. Zilipoingia sentimita 65, ncha ilionekana imefika moyoni. Wengi hawakumuelewa. Mwaka wa 1956 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, walioendeleza njia hiyo New York.

Mwaka wa 1953, Sven Ivar Seldinger wa Sweden alileta mbinu rahisi. Sindano inatangulia, waya laini unapita ndani yake, sindano inatolewa, kisha mpira unafuata waya. Yaani njia inafunguliwa kwanza, ndipo mzigo unapita.

Januari 1964, huko Portland nchini Marekani, Charles Dotter alimpokea mama mzee wa miaka 82. Mguu wake ulikuwa umeanza kuoza kwa kukosa damu, naye alikataa kukatwa. Dotter, akiangalia picha ya radiografi, aliongoza waya na mipira hadi mahali mshipa ulipobana, akapapanua. Mguu ulipona, na mama huyo aliutembelea hadi kifo chake.

Baadaye vilikuja vyombo ambavyo ncha yake inapindishwa kwa kuvuta nyuzi kutoka kwenye mpini. Vimerahisisha kona nyingi, lakini sheria ya kazi haikubadilika: waya ukikwama, usilazimishwe. Unarudishwa nyuma, picha inaangaliwa upya, ndipo mkono unaendelea.